Jaji Crandall Kichwa Chini

Chama chetu cha wakusanyaji kimenitaka niandike habari za Arvilla Stoltz, kwa kuwa mwaka huu kimempa uanachama wa maisha. Wamenichagua mimi kwa sababu, wanasema, hakuna anayemjua kama ninavyomjua. Hapo hawakukosea. Mtu uliyemwonea wivu miaka kumi na miwili unamjua mpaka anavyofunga kamba za viatu. Basi naandika, na sitaficha kitu, maana mke wangu Nedra amesema nikianza kumpamba Arvilla kwa maneno ya msibani atayasoma kwa sauti mbele ya watu ili wanicheke.

Mimi ni Verlin Ruckman, fundi mabomba mstaafu, hapa hapa Wendover, Ohio. Tangu ujana nakusanya medali za kampeni, vile vipande vya bati na shaba vilivyogawiwa watu zamani wakati wa uchaguzi. Upande mmoja una uso wa mgombea. Upande wa pili una jembe, au nyumba ya magogo, au ahadi fulani ambayo haikutimizwa. Watu walitoboa tundu juu, wakapitisha utepe, wakavaa kifuani. Ni kama sarafu lakini havikuwahi kununua kitu, labda kura.

Mwenye wivu ajinyonge, watu husema. Mimi sikujinyonga. Niliendelea kwenda mkutanoni kila Jumamosi ya pili ya mwezi, chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri, nikakaa kiti changu kile kile karibu na birika la kahawa, nikamtazama akichukua kila nilichokuwa nacho.

Huyu Arvilla alikuwa mpishi wa shule ya msingi miaka thelathini na mmoja. Nusu ya mji huu imekuzwa na upawa wake, tambi za kuku juu ya viazi vya kuponda kila Alhamisi. Mumewe, Delmar, alikuwa rafiki yangu na mwanachama mwenzangu. Delmar alinunua kila kitu na hakutambua chochote. Akipata medali aliitia kwenye boksi la sigara, akalifunga kwa mpira, akaenda kutafuta nyingine. Alipofariki aliacha maboksi tisa.

Siku ya nne baada ya mazishi nilikwenda kwa mjane na pai ya cheri aliyooka Nedra. Nilikwenda kutoa pole, na pole niliitoa, wala si ya uongo. Lakini macho yangu yalikuwa kabatini. Nikamwambia kwamba mzigo ule wa maboksi utamchosha bure, na kwamba mimi kama rafiki wa marehemu niko tayari kumtua. Akakata pai, akanipa kipande kikubwa, akaketi.

"Ngoja kwanza nivitazame, shemeji," akasema. "Delmar alivipenda sana hivi vitu. Nataka nijue alikuwa anapenda nini."

Akaniomba nimwazime Katalogi. Katalogi ni kitabu chetu kikubwa chenye orodha ya kila medali inayojulikana, na kila moja na namba yake. Nikamwazima toleo langu la zamani kwa moyo mkunjufu, nikijua atachoka ukurasa wa tatu na maboksi yatakuwa yangu kabla theluji haijaanguka. Baada ya wiki tatu akanirudishia kitabu kikiwa na vijikaratasi kumi na vinne katikati ya kurasa. Nilidhani ni mahali alipokwama, nikacheka kimoyomoyo. Kumbe ni mahali Katalogi ilipokosea. Nilijifungia siku mbili nikitafuta pa kumkosoa. Kumi na tatu alikuwa sahihi. Ya kumi na nne sikuwa na hakika, na mpaka leo sina.

Hivyo ndivyo alivyoingia chamani. Sisi wanaume tuna lenzi za bei, zenye taa ndani na mikoba ya ngozi. Yeye alikuja na foili ya jikoni. Medali iliyolika mpaka ikawa laini kama kokoto ya mtoni, Arvilla alikuwa anaitandikia foili, anasugua taratibu kwa kifutio cha penseli, na herufi zinajitokeza moja moja kama zilikuwa zinamsubiri yeye. Tena ana kile kidole gumba chake. Miaka thelathini na mmoja alikaa dirishani akipokea hela za chakula za watoto huku anatazama sufuria, na mtoto akimpa kipande cha chuma badala ya sarafu, kidole kinamwambia. Tulimpa medali mikono yake ikiwa nyuma ya mgongo, kwa mzaha, akaipapasa bila kutazama akataja mwaka wake. Tukageuka tukatazamana. Mimi nilikuwa wa mwisho kupiga makofi.

Zamani mtu akiokota kitu kwenye dari la nyumba ya bibi yake aliniletea mimi. Walikuwa wananipigia simu hata wakati wa chakula. Simu zikapungua, kisha zikakoma. Jumamosi moja nikakuta kiti changu kimesogezwa ukutani ili watu wapate nafasi ya kumzunguka Arvilla. Hakuna aliyekusudia ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilikunywa kahawa yangu nimesimama.

Nilibakiwa na kitu kimoja tu ambacho yeye hakuwa nacho, medali ya Jaji Crandall.

Jaji Elihu Crandall aligombea Kongresi kutoka wilaya zetu mwaka 1844. Aliahidi mfereji wa mashua utapita Wendover, wakulima wasafirishe ngano yao kwa maji. Medali yake ya bati ina uso wake upande mmoja, ana shingo nene na kola ndefu, na upande wa pili mashua inayovutwa na nyumbu. Alishinda. Mfereji ukapita maili kumi na tano kutoka hapa, kule alikokuwa na mashamba yake mwenyewe. Sasa medali za wagombea urais zimejaa tele, ila za mgombea wa wilaya ni adimu, na hii ya Crandall ilijulikana moja tu duniani, yangu. Niliikuta kwenye kopo la vifungo nyumbani kwa babu yangu. Aliyeivaa ni babu wa babu yangu, Absalom Ruckman, ambaye alikuwa na ekari arobaini za ngano na alimwamini Jaji. Mara tatu ilinipa utepe wa buluu, zawadi ya kwanza, katika maonyesho yetu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo Nedra peke yake alilijua. Kwetu sisi wakusanyaji tundu la juu si dosari, kwa sababu linaonyesha kwamba mtu aliivaa kweli. Tundu la pili ni ubovu, medali imeharibika, haina maana. Na medali yangu ilikuwa na matundu mawili, la juu, na jingine chini kabisa, chini ya shingo ya Jaji. Nilipoipata niliona aibu kwa niaba yake. Nikaiweka kwenye meza yangu ya kazi, nikaziba lile la chini kwa lehemu, nikapiga tupa mpaka pakawa sawasawa, nikaichonga upya nusu ya herufi iliyokuwa imeliwa. Fundi mabomba anajua kuziba. Miaka thelathini na minne majaji wa maonyesho waliitazama kwa lenzi zao za bei na hakuna aliyeona.

Arvilla aliishika mara ya kwanza miezi michache baada ya kujiunga. Kidole chake kilizunguka ukingo, kikafika chini ya shingo, kikasimama. Akaniangalia. "Imetunzwa sana, shemeji," akasema, akanirudishia. Mimi nikachukulia ni sifa, nikaenda nayo nyumbani nikiwa na furaha ya wiki nzima.

Mwaka juzi, chini ya karatasi ngumu ya boksi la tisa, akaibua Crandall ya pili. Alipoileta kanisani moyo wangu ulianguka, kisha ukapanda tena haraka, kwa kuwa niliona matundu mawili. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikamwekea mkono begani kwa huruma zote za uongo nilizokuwa nazo nikamwambia pole, imeharibika.

"Imeharibika," akasema, "au imetumika?"

Akaenda maktaba. Majira yote ya baridi, sisi tumejikunyata majumbani, yeye anasoma magazeti ya zamani ya wilaya. Mwezi Machi akatuletea nakala ya habari fupi ya mwaka 1846. Baada ya watu kujua mfereji hauji, wakulima walikwenda kwa miguu hadi mahakamani, wakiwa na medali za Jaji vifuani, lakini wamezigeuza. Walitoboa tundu upande wa chini wakahamishia utepe huko, Jaji akaning'inia kichwa chini. Ukoo wa akina Stoltz ulikuwemo. Ndiyo maana, akatuonyesha, kingo za matundu yote mawili zimelika kwa utepe. Ilivaliwa kwa mapenzi, halafu ikavaliwa kwa hasira.

Wenzangu walisisimka. Mimi pale pale nilielewa nilichokifanya kwa lehemu yangu. Nilirudi nyumbani nikamwambia Nedra. Nedra akaendelea kumenya viazi. "Basi kaseme, mzee," akaniambia. Nikamwuliza kwani amerukwa na akili.

Maana Aprili ile alikuwa anakuja Bwana Ambler. Ndiye mhariri wa Katalogi, na alikuwa anatayarisha toleo jipya. Wilaya yetu ilitengewa ukurasa mmoja wenye picha, medali moja, na jina la mwenye nayo. Nina miaka sabini na minne na sina mtoto. Mabomba niliyoyafunga yako ndani ya kuta za watu ambapo hakuna anayeyaona. Niliutaka ukurasa ule kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na Nedra anisamehe.

Maonyesho yalifanyika kwenye ukumbi wa uwanja wa wilaya, ule ambao mwezi Agosti hukaa sungura na kuku wa mashindano. Bwana Ambler ni mtu mwembamba, mpole, asiyependa kubishana. Alianza meza ya Arvilla. Akaitazama medali kwa muda mrefu, akasoma nakala ya gazeti, akasikiliza kila neno. Mimi nilikuwa meza ya pili, najifanya nasafisha kioo cha fremu yangu ambacho kilikuwa safi tangu asubuhi.

"Mama, hadithi yako ni nzuri," Bwana Ambler akasema mwishowe. "Lakini gazeti lilikuwa la wapinzani wa Jaji, na wapinzani husema lolote. Kipande kimoja chenye matundu mawili kinaweza kuwa ajali tu. Ungekuwa na cha pili, hapo ningeita desturi."

Arvilla akaitikia kwa kichwa. Hakubisha. Bwana Ambler akahamia kwangu, akainama juu ya fremu, akavuta pumzi. Akasema hii ndiyo, safi, tundu moja la asili, ukurasa ni wangu. Akatoa kalamu akaandika jina langu kwenye daftari lake, akaniuliza kama Ruckman ina n moja au mbili.

Nilishinda. Ningekuwa mtu wa kawaida ningefurahi nikanyamaza. Nilimtazama Arvilla akikunja foili yake vipande vinne na kuitia mkobani, na ndugu zangu, ilikuwa tamu. Kisha akaja kwangu na mkono wa pongezi, akanena kwa sauti ile ya jikoni inayofika meza ya mwisho.

"Hongera, shemeji. Na babu yako Absalom naye apewe hongera yake. Wilaya nzima ilimgeuza Jaji kichwa chini, yeye peke yake akaendelea kumvaa wima. Aliungoja ule mfereji mpaka kaburini, masikini."

Watu wakaangua kicheko. Hata Bwana Ambler alitabasamu. Mtu mmoja nyuma akauliza kama akina Ruckman bado wanakwenda kusikilizia mashua Jumapili.

Damu ikanipanda kichwani. Akina Stoltz, waliohamia hapa wakati sisi tumeshakata miti na kulima, ndio wawe werevu, na Absalom wetu awe zuzu wa wilaya? Tena ndani ya kitabu? Watu watafungua ukurasa wangu miaka mia ijayo, waione medali yangu safi, waseme huyu ndiye aliyedanganywa hadi mwisho?

"Babu yangu hakuwa zuzu," nikasema.

"Sikusema zuzu. Nimesema alikuwa mvumilivu."

Nikafungua fremu. Kioo kikagonga meza. Nikaitoa medali nikampa Bwana Ambler nikamwambia atazame chini ya shingo. "Kuna tundu hapo," nikasema. "Niliziba mimi mwenyewe, kwa lehemu, kwa mikono yangu. Absalom alimgeuza Jaji kama wengine. Labda kabla ya wengine."

Bwana Ambler akaleta lenzi karibu, akatazama uso, akageuza upande wa mashua. Upande huo sikuupiga tupa vizuri wakati ule, kwa kuwa kwenye fremu hauonekani. Ukingo wa tundu ulikuwa pale pale, umelika kwa utepe, sawa kabisa na wa Arvilla. Akaniuliza niliziba mwaka gani. Nikamwambia. Akaniuliza kama niliwahi kuishindanisha katika hali ile. Nikamwambia mara tatu, na ikashinda mara tatu. Mwenyekiti wetu aliyekuwa amesimama karibu akatazama viatu vyake.

Bwana Ambler akachukua daftari akakata mstari mmoja juu ya jina langu. "Sasa ni desturi," akamwambia Arvilla.

Wapo walionisifu baadaye kwamba nilikuwa mkweli. Msinisifu. Nisingesema kwa ajili ya ukweli, wala kwa ajili yake. Nilisema kwa sababu sikuweza kuvumilia ukoo wake uwe na akili kuliko wangu. Ningepata njia ya kumtetea Absalom bila kumnufaisha Arvilla ningeipita mbio.

Nilimkuta mezani kwa akina mama wa kanisa, anakula pai. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuelewa, na sikupenda nilichokuwa naelewa. Nikamwuliza alijua lini.

"Siku ya kwanza uliponishikisha," akasema. "Lehemu ni laini, kidole kinakaribishwa."

"Miaka kumi na zaidi. Mbona hukusema? Leo ungemwambia tu Ambler."

"Ningesema, ungekana. Na ukishakana mbele za watu, ungekufa nalo." Akafuta midomo. "Ilibidi litoke kwako."

Nikamwuliza na ile ya Absalom mvumilivu, aliipanga? Akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama watoto kwenye foleni, bila hasira na bila haraka.

"Mtoto asiyetaka kula halazimishwi, shemeji. Anaambiwa mwenzake amemaliza."

Katalogi mpya ilifika mwezi uliopita. Ukurasa wetu una picha ya Crandall ya Arvilla, kubwa, Jaji kichwa chini kama inavyostahili. Chini yake maandishi madogo: vinajulikana vipande viwili, cha Stoltz, na cha Ruckman, tundu la chini limezibwa na mmiliki. Jina langu limo kitabuni, na kosa langu limelishika mkono. Ndani ya bahasha Bwana Ambler alitia barua ya adabu. Alisema Bi Stoltz alimwandikia mara mbili kumwomba yale maneno kuhusu kuzibwa yaondolewe, na kwamba anasikitika hakuweza.

Niliisoma barua hiyo nimesimama jikoni. Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia Arvilla kwa maneno yale, na sasa hata hilo nimenyang'anywa. Nedra akaniuliza imesema nini. Nikamwambia, hata kwa wema kanishinda.

Maonyesho ya mwaka huu alinipigia simu mwenyewe, akasema hakuna maana Jaji wawili wakae meza mbili, tuweke pamoja. Nikakubali. Niliuyeyusha ule mzibo kwa moto mdogo, ikanichukua asubuhi nzima, nikapitisha utepe tundu la chini kwa mara ya kwanza tangu Absalom. Tukawaning'iniza wote wawili kichwa chini, bega kwa bega, wake kushoto na wangu kulia. Watu walikuja wengi kuliko mwaka wowote, wakasimama, wakacheka, wakauliza maswali, na yeye alikuwa akisema kila mara, muulizeni Verlin, yeye ndiye anayeijua habari ya akina Ruckman.

Lakini walianza kutazama wake. Wote. Nilihesabu.